Metodi Inatafutwa Wapi? Kufuata Foleni ya Klasi Hatua kwa Hatua

Kuna wakati niliandika programu ya kuhifadhi nakala za mafaili. Kila faili lilipaswa kubanwa kwanza ili lipungue ukubwa, kisha lifichwe kwa ufunguo. Majaribio yote yalipita: unahifadhi faili, unalifungua, linatoka kama lilivyoingia. Wiki chache baadaye nikaona diski inajaa upesi mno. Nilipopima, mafaili "yaliyobanwa" yalikuwa makubwa kuliko yale ya asili, kwa baiti kumi na kitu hivi. Nikapitia msimbo mstari kwa mstari nisione kosa, kwa sababu hakukuwa na mstari wenye kosa. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa majina mawili ndani ya mabano.

Nitakuonyesha kosa lenyewe, lakini kwanza tufuate njia ambayo lugha hupita kila unapoandika kitu, nukta, jina la metodi (funksheni iliyo ndani ya klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea vitu), mabano. Natumia Python 3 kwa kuwa haifichi mambo: karibu kila hatua ya utafutaji unaweza kuichungulia mwenyewe ukiwa kwenye terminali. Fungua faili jipya uandike hivi:

```python
import os, zlib

def ficha(data):
    return os.urandom(len(data))

class Nakala:
    def andaa(self, data):
        return data

    def hifadhi(self, data):
        tayari = self.andaa(data)
        return len(tayari)

class Kubana(Nakala):
    def andaa(self, data):
        return super().andaa(zlib.compress(data))

class Kuficha(Nakala):
    def andaa(self, data):
        return super().andaa(ficha(data))

class Salama(Kuficha, Kubana):
    pass

n = Salama()
```

Funksheni ya `ficha` hapo ni ya maigizo tu. Inatoa baiti za kubahatisha zenye urefu uleule, na data iliyofichwa vizuri huonekana hivyohivyo kwa mtu asiye na ufunguo. Usiitumie kwa kazi halisi, maana ikishaficha hakuna wa kufichua.

Hatua ya 1: Itazame foleni

Kila klasi katika Python ina foleni yake, yaani orodha ya klasi zinazoulizwa kwa zamu jina linapotafutwa. Hupangwa mara klasi inapoundwa, na huhifadhiwa chini ya jina `__mro__`:

```python
for k in Salama.__mro__:
    print(k.__name__)
```

Utapata Salama, Kuficha, Kubana, Nakala, object, kwa mpangilio huo. Huyo `object` wa mwisho ni babu wa klasi zote, yumo hata kama hukumtaja. Angalia pia kwamba Nakala imetokea mara moja tu ingawa imerithiwa kwa njia mbili, na imekaa nyuma ya watoto wake wote wawili. Hilo tutalirudia.

Tangu nilipolielewa jambo hili, nimeacha kuchora mti wa ukoo wa klasi ninapotafuta kosa. Mti una matawi, na jicho linapotea. Foleni ni mstari mmoja.

Hatua ya 2: Tafuta kwa mkono

Unapoandika `n.andaa`, lugha huuliza kwanza `n` ni wa klasi gani, kisha hutembea kwenye foleni ya klasi hiyo na kusimama kwa wa kwanza mwenye jina `andaa`. Unaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa mistari michache:

```python
def nani_anayo(kitu, jina):
    for k in type(kitu).__mro__:
        if jina in vars(k):
            return k.__name__

print(nani_anayo(n, "andaa"))      # Kuficha
print(nani_anayo(n, "hifadhi"))    # Nakala
```

`vars(k)` hurudisha kamusi ya klasi yenyewe bila kuhesabu ilichorithi. Metodi, kumbe, ni thamani tu iliyowekwa kwenye kamusi chini ya jina. Salama haina kitu, imeandikwa `pass`, kwa hiyo utafutaji unaipita na kugota kwa Kuficha. Kubana nayo ina `andaa`, lakini haifikiwi. Aliye mbele ndiye anayesikika.

Funksheni hii ya `nani_anayo` ninayo karibu kila mradi. Ukirithi klasi kutoka maktaba kubwa yenye vizazi saba au nane, inakupa jibu kabla hujafungua faili la pili.

Hatua ya 3: Usikisahau kitu chenyewe

Nimekurahisishia kidogo hapo juu. Kitu nacho kina kamusi yake, ile inayojazwa unapoandika `self.ukubwa = 0`, na kamusi hiyo huangaliwa kabla ya metodi za kawaida za klasi. Ndiyo maana kosa hili huwakumba wengi:

```python
class Hesabu:
    def __init__(self):
        self.jumla = 0
    def jumla(self):
        return 42

Hesabu().jumla()
# TypeError: 'int' object is not callable
```

Metodi `jumla` ipo kwenye klasi, haijaenda popote. Lakini kitu kina `jumla` yake, sifuri, na hiyo ndiyo iliyopatikana kwanza. Ujumbe wa kosa unalalamikia namba kuitwa kama funksheni, na ukiusoma haraka utadhani umekosea mahali pengine kabisa.

Kuna upande mwingine: sifa iliyotengenezwa kwa `@property`, yaani metodi inayosomwa kama thamani ya kawaida, huishinda kamusi ya kitu. Kwa hiyo utaratibu kamili ni huu. Lugha hutembea kwenye foleni nzima na kumchukua wa kwanza mwenye jina hilo. Akiwa ni sifa ya aina ya `property`, yaani iliyojiwekea ulinzi wa kuandikwa, kazi inaishia hapo. Asipokuwa hivyo, kamusi ya kitu huangaliwa. Jina likikosekana humo, ndipo kile kilichopatikana kwenye klasi kinatumika.

Na kikitumika, hakirudi kikavu. Funksheni iliyotolewa kwenye klasi hufungwa pamoja na kitu kilichoiita, ndiyo sababu hulazimiki kumpitisha `self` mwenyewe:

```python
m = n.andaa
print(m.__self__ is n)                  # True
print(m.__func__ is Kuficha.andaa)      # True
print(n.andaa is n.andaa)               # False
```

Mstari wa mwisho huwashangaza watu. Kila unapotaja `n.andaa`, fungu jipya hutengenezwa, funksheni ileile na kitu kilekile ndani ya kifurushi kipya. Kama unahifadhi metodi kwenye orodha ili uziondoe baadaye, linganisha kwa `==`, usitumie `is`. Upande mwingine, funksheni uliyoipachika moja kwa moja kwenye kitu, kwa mfano `n.andaa = lambda data: data`, haifungwi hata kidogo. Ona kwamba haina `self`.

Hatua ya 4: Kila `self` huanza foleni upya

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na mimi nimewahi kuteleza zaidi ya mara moja. Fuatilia `n.hifadhi(data)`. Jina `hifadhi` linapatikana kwa Nakala, mwishoni kabisa mwa foleni. Ndani yake kuna `self.andaa(data)`. Je, itaitwa `andaa` ya nani?

Kwa kuwa tumesimama ndani ya Nakala, na Nakala ina `andaa` yake inayorudisha data bila kuigusa, ni rahisi kudhani itaitwa hiyo. Sivyo. `self` bado ni `n`, na `n` bado ni wa klasi ya Salama, kwa hiyo utafutaji unarudi mbele kabisa na kuikuta `andaa` ya Kuficha. Msimbo wa mzazi unaita metodi ya mtoto ambaye huenda hakuwa amezaliwa mzazi alipoandikwa.

Uwezo huu ndio unaofanya urithi uwe na maana. Unauma pia, hasa kwenye `__init__`. Mzazi akiita `self.panga()` ndani ya `__init__` yake, na mtoto ana `panga` yake inayotegemea sifa ambayo `__init__` ya mtoto haijaiweka bado, utapata AttributeError kwenye mstari ambao ukiutazama peke yake hauna dosari. Dawa ninayoipendelea ni kutoita ndani ya `__init__` metodi yoyote inayoweza kubadilishwa na mtoto. Ukilazimika, ipe jina linaloanza na mistari miwili ya chini: `self.__panga()` ndani ya Nakala hugeuzwa kimyakimya kuwa `self._Nakala__panga()`, na mtoto hawezi kuigongana nayo kwa bahati mbaya.

Kwa anayetoka lugha nyingine: C++ haifanyi utafutaji huu wakati wa kuendesha programu mpaka metodi itangazwe `virtual`, bila neno hilo, aina iliyoandikwa kwenye msimbo ndiyo inayoamua. Java hufanya, ila kwa awamu mbili. Kikusanyaji (programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa) huchagua mapema saini ya metodi, yaani jina lake na aina za hoja inazopokea, kwa kuangalia aina za hoja zilivyotangazwa, kisha programu inapoendeshwa klasi halisi ya kitu ndiyo huamua ni toleo la nani. Anayechanganya awamu hizo mbili hukesha.

Hatua ya 5: Metodi zenye mistari miwili pande zote

Jaribu hili:

```python
n.__len__ = lambda: 5
print(n.__len__())    # 5
print(len(n))
# TypeError: object of type 'Salama' has no len()
```

Python inapoita yenyewe metodi maalumu kama `__len__`, `__add__` au `__enter__`, hairuki kamusi ya kitu kwa bahati mbaya. Ni kanuni: hutafuta kuanzia kwenye klasi tu. Ukitaka `len` ifanye kazi, weka `__len__` kwenye klasi, basi.

Hatua ya 6: Jina lisipopatikana kokote

Foleni ikiisha bila jibu, lugha huangalia kama klasi ina `__getattr__`. Ikiwepo, huitwa na kupewa jina lililokosekana. Ikikosekana, ndipo AttributeError unayoifahamu inatokea. Lugha ya Smalltalk ina ujumbe wake wa kazi hiyo, `doesNotUnderstand:`, na Ruby ina `method_missing`.

Matumizi ya kawaida ni klasi ya kufunika kitu kingine na kukipitishia maombi:

```python
class Kifuniko:
    def __init__(self, ndani):
        self.ndani = ndani
    def __getattr__(self, jina):
        return getattr(self.ndani, jina)
```

Inafanya kazi vizuri mpaka siku utakapoita `copy.copy` juu yake, ukapata RecursionError. Sababu ni kwamba `copy` huunda kitu kipya bila kupitia `__init__`, kisha hukiuliza kama kina `__setstate__`. Hakina, kwa hiyo `__getattr__` inaitwa. Hiyo inatafuta `self.ndani`, ambayo haijawekwa, na kwa kuwa haipo `__getattr__` inaitwa tena, na tena. Ongeza mstari mwanzoni mwa `__getattr__` unaotupa AttributeError kama jina linaanza na `__` au ni `ndani`, na mzunguko unakatika.

Utauliza kama matembezi haya yote hayaifanyi programu kuwa nzito. Yangefanya, kama yangerudiwa kila mara. Mwaka 1984 L. Peter Deutsch na Allan Schiffman walieleza jinsi mfumo wao wa Smalltalk-80 ulivyokumbuka, palepale metodi inapoitwa, jibu la utafutaji uliopita. Klasi ikiwa ileile, hakuna kutafuta tena. Python nayo ina akiba ya majibu ya utafutaji, na tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022 hata maagizo ya ndani hujirekebisha kulingana na klasi zinazopita hapo. Ukibadilisha klasi programu ikiwa inaendeshwa, majibu yaliyokumbukwa hufutwa. Kwa hiyo andika msimbo unaosomeka, usihesabu vizazi kwa hofu ya mwendo.

Hatua ya 7: `super()` si mzazi

Sasa turudi kwenye diski yangu iliyojaa. Soma tena klasi ya Kuficha. Ina mzazi mmoja tu, Nakala. Ndani yake kuna `super().andaa(...)`. Ukiulizwa inaita `andaa` ya nani, utajibu Nakala, na kwa kitu kilichotengenezwa na `Kuficha()` utakuwa sahihi. Kwa `n` umekosea.

`super()` humaanisha "anayenifuata kwenye foleni ya kitu hiki". Kitu ni `n`, foleni yake ni Salama, Kuficha, Kubana, Nakala, object. Anayemfuata Kuficha ni Kubana. Kwa hiyo Kuficha inampokeza kazi ndugu asiyemjua, ambaye hakutajwa popote kwenye msimbo wake. Hakikisha:

```python
data = b"habari " * 1000
print(n.hifadhi(data))
```

Data ina baiti 7000. Jibu ni 7000 na ushee. Kuficha imetangulia ikaigeuza data kuwa baiti zisizo na mpangilio, kisha Kubana ikapewa hizo. Kubana hufanya kazi kwa kutafuta marudio, na data iliyofichwa haina marudio, kwa hiyo imeambulia kuongeza vichwa vyake vya habari juu. Hilo ndilo lililokuwa likinitokea kila usiku.

Foleni ya `super()` ina sharti: kila aliyemo apokeze. Klasi moja ikisahau kuita `super()`, walio nyuma yake hawasikiki, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Wa mwisho, hapa Nakala, ndiye anayeruhusiwa kunyamaza, kwa sababu `object` haina `andaa`. Kwa `__init__` jambo hili ni gumu zaidi, maana hoja zinatofautiana kati ya klasi na klasi. Mimi huzipokea kwa `**kwargs` (hoja zinazopitishwa kwa majina), kila klasi ichukue yake na kupeleka zinazobaki.

Hatua ya 8: Panga foleni kwa kalamu

Foleni hupangwa kwa kanuni iitwayo C3. Ilitolewa mwaka 1996 kwa ajili ya lugha ya Dylan, na Python ikaichukua kwenye toleo la 2.3, mwaka 2003. Inalinda mambo mawili: mtoto asikae nyuma ya mzazi wake, na wazazi wakae kwa mpangilio ulioandika kwenye mabano. Chukua foleni ya kila mzazi, ongeza orodha ya wazazi wenyewe:

```
[Kuficha, Nakala, object]
[Kubana, Nakala, object]
[Kuficha, Kubana]
```

Salama mwenyewe yuko mbele tayari. Mtazame aliye mwanzo wa orodha ya kwanza. Kama hayumo katikati wala mwishoni mwa orodha nyingine yoyote, mchukue na umfute kila mahali. Kuficha anafaa, anachukuliwa. Sasa orodha ya kwanza inaanza na Nakala, lakini Nakala bado yuko nyuma ya Kubana kwenye orodha ya pili, kwa hiyo asubiri. Nenda orodha ya pili: Kubana hana anayemzuia, anachukuliwa. Baada yake Nakala, mwisho object.

Klasi za kale za Python 2 hazikufanya hivi. Zilishuka tawi la kushoto mpaka chini kabla ya kugusa la kulia, kwa hiyo Nakala angemtangulia Kubana, na metodi ya Kubana isingefikiwa kama Nakala anayo ya jina hilohilo.

Wakati mwingine hakuna mpangilio unaowezekana. Andika `class Mbaya(Nakala, Kubana): pass` na Python itakataa kuiunda, ikilalamika "Cannot create a consistent method resolution order". Umedai kwa mabano kwamba Nakala atangulie, huku Kubana akidai amtangulie mzazi wake. Geuza mpangilio, au mwondoe Nakala kabisa, kwa kuwa Kubana anakuja naye.

Hatua ya 9: Rekebisha

```python
class Salama(Kubana, Kuficha):
    pass

print(Salama().hifadhi(data))
```

Jibu sasa liko chini ya 100. Sikugusa metodi hata moja.

Nilipofanya hivyo kwenye programu yangu, nilifurahi kwa dakika kama tano, mpaka nilipojaribu kufungua nakala ya mwezi uliopita. Mafaili ya zamani yalifichwa kisha yakabanwa, kwa hiyo lazima yafunguliwe kwa kutanua kwanza. Ilibidi nirudishe klasi ya kale chini ya jina jipya, `SalamaYaZamani(Kuficha, Kubana)`, kwa ajili ya kusoma tu. Kuyatambua hakukuwa kazi: kwa kuwa Kubana ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuyagusa, yote yalianza na baiti mbili za zlib, maktaba inayofanya kazi ya kubana: 78 9c kwa heksadesimali. Mapya nikayawekea alama yangu mwanzoni, kwani data iliyofichwa inaweza siku moja kuanza na baiti hizohizo.